Taima kwa taa za nje: zangu huzimika saa nne

Taa zangu za Krismasi huwaka saa moja kasorobo jioni na kuzimika saa nne usiku, niwepo nyumbani nisiwepo. Nimezizungusha kwenye jiwe kubwa lililo mbele ya nyumba yetu hapa Kitangiri, moja ya yale mawe ya Mwanza ambayo mtu hujenga kando yake kwa sababu kulipasua kungemgharimu kuliko nyumba yenyewe. Mchana jiwe hilo ni mali ya mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu. Desemba, jua likizama, linakuwa letu, na mtu akipanda kutoka barabarani analiona kabla hajaona bati la nyumba.

Tangu Novemba iishe nimeulizwa swali moja na watu tofauti: hiyo taima, kifaa kinachowasha na kuzima taa kwa saa ulizopanga, ina kazi gani hasa? Shemeji yangu anasema swichi ipo ukutani na mikono tunayo. Jirani wa chini anataka kufunga sensa ya mwanga, taa zijiwashe zenyewe giza likiingia. Mdogo wangu aliyeko Dar ananishawishi ninunue plagi inayoendeshwa na simu. Nimewajibu wote kwa mdomo, tena kwa kirefu, ila naona swali lenyewe linastahili kuandikwa. Jibu langu ni kwamba taa za nje ziwekewe taima, iwe ya dijitali, na izime mapema. Na pesa ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, si sababu yangu ya kwanza, ingawa watu wengi huanzia hapo.

Nianze na shemeji, kwa sababu hoja yake ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nyumba yenye mtu anayelala wa mwisho kila siku, anayezunguka kufunga madirisha na kukagua geti, haihitaji taima. Mtu huyo ndiye taima. Kwetu hayupo. Mimi ni nesi, na zamu za usiku zikiniangukia natoka nyumbani taa zikiwa ndiyo kwanza zimewaka. Mama hulala mapema, na siku hizi hatua zake ni za kuhesabu. Ngazi zetu ni mawe, mvua ikinyesha yanateleza, na sitaki hata siku moja atoke nje usiku kwa ajili ya taa. Watoto ukiwaachia kazi ya kuzima wataziacha ziwake mpaka asubuhi kwa furaha tu, maana ndivyo wanavyozipenda.

Nikirudi kutoka zamu, daladala ikipita barabara ya Makongoro saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naziona taa za watu bado zinawaka kwenye mageti na kwenye kingo za mapaa. Mwanga wa alfajiri umeshafifisha rangi zote, hakuna anayezitazama, na nyumba nzima imelala. Siwalaumu wenyewe. Mtu ametoka kazini, amepika, amewaogesha watoto, ameangalia taarifa ya habari, usingizi umempitia kwenye kochi. Kazi ya kukumbuka jambo dogo kila usiku kwa mwezi mzima ni nzito kuliko inavyoonekana, na mimi naipa mashine bila kusita.

Sasa LUKU. Watu wanakadiria kwa hofu, kwa hiyo tupige hesabu kidogo. Nyaya zangu zote za LED zikijumlishwa ni wati 40. Zikiwaka usiku kucha, saa 12, zinakula karibu nusu uniti. Kwa usiku 30 ni uniti 14.4. Zikiwaka kuanzia saa moja kasorobo hadi saa nne, ambazo ni saa tatu na robo, usiku 30 unakula uniti 3.9. Tofauti ni uniti kumi na nusu, na kwa bei ya kama shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni pesa isiyofika 4,000. Nililipa zaidi ya hapo kununua taima. Kwa hiyo mwenye LED chache na anayelipa bei ya kawaida asidanganywe kwamba taima itamtajirisha.

Lakini kuna makundi mawili ambayo hesabu yao ni nyingine. La kwanza ni wenye taa za zamani za nyuzi, zile ambazo glopu yake ukiigusa inachoma. Mapambo ya wati 400 ya aina hiyo yakilala yanawaka yanakula uniti 4.8 kwa usiku mmoja, yaani uniti 144 kwa mwezi. Hapo taima inarudisha bei yake mapema sana, ingawa ningemshauri mwenye nazo abadili taa kwanza. Kundi la pili ni walio kwenye daraja la D1, lile la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Hawa ndio ninaowaombea taima kuliko wengine. Chukua nyumba inayotumia uniti 65 kila mwezi. Ongeza uniti 14.4 za taa za usiku kucha, imefika 79.4, na zile zinazozidi 75 zinatozwa bei ya juu. Ongeza 3.9 za mwenye taima, iko 68.9, salama. Mjane mwenye vyumba viwili pale mtaani anaweza kuwapa wajukuu taa za Krismasi bila kuvuka mstari huo, na anachohitaji ni taa zizimwe kwa wakati.

Sababu yangu ya kwanza iko ziwani.

Baba yangu alivua dagaa. Aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo anahesabu mwezi wa angani kabla ya mwezi wa kalenda: kuna siku za giza, ambapo mitumbwi inatoka na karabai na dagaa wanafuata mwanga, na kuna siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wanakaa nchi kavu kushona nyavu kwa sababu dagaa hawaji kwenye taa wakati ziwa zima lina mwanga. Siku hizi karabai za mafuta ya taa zimepungua, wengi wanatumia taa za LED zenye betri, lakini kanuni ni ile ile. Usiku wa giza ukisimama kwetu juu unaona mstari wa taa za wavuvi mbali, mpaka hujui maji yanaishia wapi.

Wadudu wa ziwani nao wanafuata kalenda hiyo hiyo. Wanaishi wakiwa viluwiluwi majini na kwenye matope ya chini ya ziwa, kisha wanapanda kwa pamoja na kuruka, na makundi makubwa hutokea karibu na siku ambazo mwezi umepotea angani. Mchana unaweza kuwaona wakiwa juu ya maji kama moshi unaopanda kutoka kisiwani, na mgeni huuliza nani anachoma nini huko. Hawaumi. Lakini wakishushwa na upepo kwenye mji usiku, wanakwenda palipo na mwanga, wanajaa ukutani, wanaingia kwenye uji, kwenye pua za watoto, na asubuhi unawazoa kwa koleo wakiwa wamekufa, na harufu yao ni ya samaki walioachwa. Mama ana pumu. Vumbi la mabawa yao likikauka na kupeperuka humkaba kifua, na mimi ndiye ninayemshikia kifaa chake cha kuvuta dawa.

Nyumba iliyovikwa taa mamia, juu ya jiwe, ikiitazama ghuba, ni mwaliko. Ndiyo maana nasema saa ya kuzima ina uzito kuliko saa ya kuwasha. Taa zikizimika saa nne wadudu wanapata usiku uliobaki kwenda kwingine. Siku wanapokuja kwa wingi sisubiri hata saa nne. Taima yangu ina kitufe cha kuzima kwa mkono bila kuvuruga mpangilio, na mtoto mkubwa ameshafundishwa kukibonyeza. Rangi nayo inasaidia. Taa nyeupe zenye ubuluu huvuta wadudu zaidi kuliko zenye unjano, kwa hiyo jiwe letu lina taa za njano iliyokolea, na zile nyeupe kali nimempa dada yangu anayekaa Buhongwa, mbali na maji.

Mwaka huu, 2025, mwezi unapotea Desemba 20, siku tano tu kabla ya Krismasi. Kwa hiyo wiki yenyewe ya sikukuu ni wiki ya giza, wavuvi wengi watakuwa majini na wadudu wanaweza kuwa wengi mjini. Mwakani itakuwa kinyume kabisa: mwezi mpevu utaangukia Desemba 24, 2026, na baba zetu wa dagaa watakuwa nyumbani na familia zao. Mwakani naweza kuongeza saa moja. Mwaka huu hapana, isipokuwa ile mikesha miwili ya sikukuu.

Kuna glopu moja haimo kwenye taima. Iko kwenye kona ya nyumba inayotazama maji, ya wati 5, inawaka usiku kucha, mwaka mzima. Baba alikuwa akirudi alfajiri kwa kupima taa za milimani: ile ya kwetu, ile ya mnara, ile ya Bwiru, akijua mtumbwi uko wapi hata kama ukungu umefunika ufuko. Mama hajawahi kukubali izimwe, na mimi sijawahi kumwomba. Mapambo ni mapambo na taa ya kazi ni taa ya kazi. Nimeona watu wanaunganisha vyote kwenye soketi moja, taima ikizima mapambo inazima na taa ya mlango. Tenganisha.

Sasa nije kwenye vifaa, maana hapa ndipo jirani wa chini na mimi tulipokaa barazani mpaka chai ikapoa.

Taima ya kawaida kabisa, ya bei ndogo, ni ile ya kuzungusha. Ina diski yenye namba 24 na vipini 96 pembezoni, kila kimoja ni robo saa. Unashusha vipini vya saa unazotaka taa ziwake. Ndani yake kuna mota ndogo inayozunguka kwa kufuata mapigo ya umeme wenyewe, mizunguko 50 kwa sekunde. Ni kifaa kizuri, hakina cha kuharibika sana, na bibi wa miaka themanini anakielewa akikitazama mara moja. Tatizo lake kwetu ni moja na ni kubwa: umeme ukikatika, mota inasimama, na saa yake inasimama pia. Umeme ukirudi inaendelea pale ilipoachia. Ukikatika kwa muda wa saa mbili leo na muda wa saa tatu kesho, keshokutwa taa zako zitawaka karibu saa sita usiku na kuzimika karibu saa tisa usiku, na wewe utadhani taima ni mbovu kumbe inafanya kazi yake sawasawa. Mahali ambapo umeme haukatiki ningeinunua hiyo hiyo. Hapa inataka mtu wa kuirekebisha kila mara, na tukifika hapo swichi ya shemeji imeshinda.

Taima ya dijitali ina betri ndogo ndani inayoshika saa wakati umeme haupo. Umeme ukirudi saa tano usiku, inajua ni saa tano na haiwashi taa. Ukirudi saa mbili, inajua ni saa mbili na inawasha. Ukinunua mpya, ichomeke kwenye soketi saa kadhaa kabla ya kuipanga, betri ipate chaji, la sivyo mpangilio utafutika ukiichomoa. Kumbuka pia kwamba inahesabu kuanzia usiku wa manane: saa moja kasorobo jioni ni 18:45, saa nne usiku ni 22:00. Ukiweka 4:00 ukifikiria saa nne, taa zitafuata amri yako saa kumi alfajiri.

Sensa ya mwanga ndiyo jirani aliyokuwa ameipenda. Hoja yake ni kwamba jua halizami saa moja kila siku. Ni kweli, lakini sisi tuko karibu sana na ikweta, nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwake. London jua huzama kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni, kwa hiyo watu wa huko wana taima zinazokokotoa machweo ya kila siku na wana haki ya kuzinunua. Mwanza, mwaka mzima, machweo yanasogea kwa kama nusu saa tu, na ndani ya Desemba yanabaki kati ya saa moja kasorobo na saa moja kamili. Hakuna cha kukokotoa. Unapanga mara moja, umemaliza.

Tena sensa inajua giza, haijui saa. Wingu zito la mvua likitanda saa tisa mchana, inawasha. Ya kawaida inaacha taa ziwake mpaka kunapambazuka, muda wa karibu saa 12, na hapo wadudu, LUKU na usingizi wa jirani vyote vimeshindwa. Zipo sensa zinazohesabu saa sita tangu giza liingie kisha zinazima. Lakini nyingi kati yake, umeme ukikatika na kurudi saa nane usiku, zinaona giza na kuanza kuhesabu upya. Jirani alinisikiliza, akanyamaza, akasema, “Sista, basi nitafutie kama yako.” Tulikwenda pamoja mjini, tukaipata kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na sasa taa zake zinazimika dakika chache kabla ya zangu kwa sababu ana mtoto mchanga.

Ile plagi ya simu sitaichukulia muda mrefu. Inataka intaneti ya nyumbani, na umeme ukikatika intaneti inakatika nayo. Anayeishi peke yake na ana bando la kutosha, aitumie. Taa za sola nazipenda kwa sababu nyingine: hazina waya wa kwenda ndani, kwa hiyo zinafaa kileleni mwa jiwe ambapo sitaki umeme wa ukutani ufike. Desemba ni mvua, chaji inakuwa ndogo, zinajizimia zenyewe mapema, na mimi sina ugomvi na hilo.

Ndugu walioko Marekani wakikutumia taima kwenye kifurushi, ipokee kwa shukrani na usiichomeke. Huko umeme wa nyumbani ni volti 120, kwetu ni 230, itaungua. Na hata ukiipa transfoma, ile ya mota imetengenezwa kwa mizunguko 60, kwetu ni 50, kwa hiyo itachelewa dakika 10 kila saa, ambazo ni saa nne nzima kila siku.

Jambo ninaloomba lisomwe polepole ni maji. Naongea kama nesi. Ngozi kavu inazuia umeme kiasi. Ngozi iliyolowa, miguu mitupu, umesimama juu ya jiwe lililoloa, hakuna kinachozuia. Nimewapokea watu waliopigwa na umeme, nimeona alama ndogo kwenye kidole palipoingia na nyingine kwenye unyayo palipotokea, na moyo ulioko katikati ya njia hiyo. Kwa hiyo nyumbani kwangu taima iko ndani. Adapta iko ndani. Kinachotoka nje kupitia dirishani ni waya wa volti 24 tu, unaolisha taa. Mtoto akiushika umelowa, hatapigwa na umeme wa ukutani. Unaponunua taa, angalia kama zina adapta inayoshusha umeme. Zile zinazopeleka volti 230 moja kwa moja mpaka kwenye glopu ni za bei nafuu na sizitaki juu ya jiwe.

Kama ni lazima soketi iwe nje, soma maandishi yaliyo nyuma ya taima. IP20 maana yake haina kinga yoyote ya maji, na taima nyingi za dukani ni hizo. IP44 inastahimili maji ya kurushiwa. Mfuko wa nailoni na tepu nyeusi havigeuzi IP20 kuwa IP44. Vinahifadhi jasho la ndani na kuficha hatari. Mwambie fundi umeme aweke breka inayokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe cha kujaribia, ya miliampea 30, na ukijaribu kitufe hicho kila mwezi utajua kama inafanya kazi. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjue yote hata kama unahitaji mita tatu tu, maana iliyobaki imeviringishwa inapata joto.

Kwenye mawe yetu kuna la ziada. Jiwe la Mwanza ni gumu na lina punje zinazokwaruza. Waya ukivutwa juu yake, upepo wa ziwa ukautikisa usiku baada ya usiku, ngozi ya waya inalika. Mimi napitisha kipande cha mpira wa maji kila mahali waya unapokunja kona ya jiwe, na nafunga kwa kamba ya manila, sikazi kwa waya wa chuma.

Na radi. Ziwa hili lina ngurumo nyingi kuliko sehemu nyingi za Afrika, na nyingi hujiunda juu ya maji usiku, wakati hewa ya nchi kavu inayopoa inaposhuka kuelekea ziwani kutoka pande zote na kukutana katikati. Kwa hiyo saa ambazo taa zilizosahaulika zinawaka bure ndizo saa za radi. Hapa niseme wazi kwamba taima haikukingi. Nyingi zinakata waya mmoja tu. Wa pili unabaki umeunganishwa na ukuta, na radi haijali nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi. Ukiona wingu linawaka upande wa Ukerewe, chomoa plagi kabisa. Vivyo hivyo kabla ya kugusa taa, hata kama zimezimika: taima inaweza kuwasha wakati mkono wako uko kwenye waya uliolika. Chomoa, ndipo ushike.

Mpangilio wangu wa mwaka huu ni huu. Mkesha wa Krismasi na mkesha wa Mwaka Mpya vyote vinaangukia Jumatano, na taima yangu inapangwa kwa siku za wiki, kwa hiyo nina programu mbili. Ya kwanza ni ya siku sita, 18:45 hadi 22:00, Jumatano ikiwa imetolewa. Ya pili ni ya Jumatano peke yake, kuwasha 18:45, na kuzima 02:00 ya Alhamisi, kwa sababu kwa hesabu ya taima usiku wa manane ukipita siku imeshabadilika. Ukiweka kuzima siku ya Jumatano, taa zitawaka mpaka Jumatano ya wiki inayofuata au mpaka programu nyingine izizime. Saa nane usiku inatosha watu kurudi kutoka misa, kupanda ngazi wakiona wanapokanyaga, na kunywa chai. Mpaka Jumatano ya tarehe 17 ipite, Jumatano inafuata saa za siku nyingine; mabadiliko nitayaingiza Alhamisi ya tarehe 18, nikiwa nimepumzika zamu. Wadudu wakija usiku wa mkesha, kitufe kipo, na misa tutakwenda na tochi.

Januari 6, Epifania, ni Jumanne. Siku hiyo jioni nachomoa kila kitu, nafuta waya kwa kitambaa kikavu huku nikiukagua kwa vidole mahali pote ulipogusa jiwe, nauviringisha kwenye kipande cha boksi, na taima naiacha kwenye droo ya mama pamoja na karatasi yenye saa zote mbili, kwa yeyote atakayeichomeka mwakani nikiwa kazini.